Mkate wa Peeta na Watazamaji wa Capitol

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wazazi kadhaa wameniuliza kama ni sawa vijana wetu kusoma The Hunger Games, vile vitabu vitatu vya Suzanne Collins vilivyotoka mwaka 2008, 2009 na 2010. Nimewajibu wawaache wasome, na wao wenyewe wasome pamoja nao. Damu imo nyingi, sibishi. Lakini hadithi hii inaizungumzia njaa kwa uzito ambao sijauona kwenye vitabu vingine vya vijana, na Biblia yetu nayo imejaa habari za wenye njaa.

Kwa asiyeijua: katika nchi ya kubuni ya Panem kuna jiji tajiri, Capitol, na wilaya 12 zinazolilisha. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana na msichana wa miaka 12 hadi 18. Watoto hao 24 huuana mbele ya kamera mpaka abaki mmoja.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi wanavyofika huko. Mtoto wa maskini anaruhusiwa kuchukua nafaka na mafuta ya kuwalisha watu wa nyumbani kwao, ila kila anapochukua, jina lake linaongezwa kwenye kura, na kura hizo hulimbikizwa mwaka hadi mwaka. Katniss, msichana anayetusimulia hadithi hii, ana miaka 16 na jina lake limo mara 20. La rafiki yake Gale limo mara 42. Unga unalipiwa kwa roho ya mtoto! Soma Amosi 8:6, pale maskini anaponunuliwa kwa bei ya jozi ya viatu, uone kama nabii asingeitambua biashara hii.

Halafu kuna ule mkate. Katniss ana miaka 11, baba amekufa katika mlipuko mgodini, mama amezama kwenye huzuni hata watoto hawalishi. Mvua inanyesha, naye anapekua mapipa ya taka nyuma ya duka la mikate, anafukuzwa. Peeta, mtoto wa nyumba ile, anaunguza mikate miwili makusudi. Mama yake anampiga na kumwambia awatupie nguruwe. Anamrushia Katniss, bila hata kumtazama. Siku ya pili shuleni shavu limevimba na jicho limevilia. Sadaka zetu nyingi hazijawahi kutugharimu kiasi hicho, tuseme ukweli mbele za Mungu.

Watu wa Capitol wananisumbua kuliko Rais Snow mwenyewe, mtawala wa Panem. Ni wachangamfu, wana washindani wanaowapenda, hata machozi wanatoa. Na kwenye karamu zao, katika kitabu cha pili, wanakunywa kinywaji cha kuwatapisha ili warudi mezani kula tena. Collins amewahi kueleza kwamba wazo lilimjia usiku mmoja akibadilisha chaneli, huku mashindano ya vijana, kule vita vya Iraq. Kwetu picha za wakimbizi wa Goma na wa El Fasher kule Sudan zinapita kwenye simu katikati ya mabao ya jana, na kidole kinaendelea kusukuma. Amosi 6 inawalaumu walaji na wanywaji ambao hawakuhuzunika kwa maangamizi ya Yusufu, yaani taifa lao la Israeli. Kosa lao lilikuwa hilo la kutohuzunika.

Pengo ninaloliona ni kwamba katika vitabu vyote vitatu hakuna anayesali, hata wakati wa kuzika. Na mwisho ni mzito. Waasi wa wilaya wakishaishinda Capitol, kiongozi wao Coin anataka watoto wa Capitol nao waingizwe uwanjani. Washindi wa mashindano hayo waliosalia, Katniss na Peeta wakiwemo, wanapiga kura. Katniss anakubali, akimtaja mdogo wake aliyeuawa. Wapo wanaosema alikuwa anamhadaa Coin, maana baadaye ndiye aliyempiga mshale. Peeta anakataa palepale, naye ameteswa na Capitol kuliko wengi waliokaa mezani pale.

Wiki hii tusome Amosi 6:1-7 na Warumi 12:17-21 pamoja na vijana nyumbani. Tuwaulize wangepiga kura gani, na tuwaache wajieleze mpaka mwisho kabla sisi wazazi hatujafungua mdomo.