Mchezo namba 11982 na laki nne zisizoonekana

Mwaka 2009 nilikuwa karani wa hesabu kwenye duka la jumla la vipuri Kariakoo. Kompyuta yangu ilikuwa na Windows XP, na ndani yake FreeCell, mchezo wa karata niliokuwa naucheza badala ya kazi niliyoikwepa. Kila aliyeniambia "jikaze, acha uvivu" alinipotezea muda, maana sikuwa mvivu. Risiti nilikuwa naingiza, mishahara ilitoka kwa wakati. Kilicholala ni usuluhishi wa benki peke yake, yaani kulinganisha daftari letu na stetimenti ya benki.

Bosi alileta fundi akafuta michezo yote, kama elfu ishirini hivi zikamtoka. Kesho yake nilinakili mafaili mawili madogo kutoka kompyuta ya stoo, nikarudi nayo kwenye flashi. Ukishauriwa kufuta mchezo, usihangaike.

Halafu nikakutana na namba 11982. FreeCell si karata za kubahatisha. Zote 52 zimefunuliwa tangu mwanzo, una nafasi nne tu za kuegesha, na kila mchezo una namba yake: unabonyeza F3, unauita. Nikaapa kuumaliza. Siku tatu za mwisho wa mwezi niliandika mipango kwenye karatasi, mistari na mishale, kopa ipande wapi, shupaza ingoje wapi, ree itoke lini. Nilikuwa nafika karibu kabisa, nafasi zote nne zinajaa, nakwama. Narudia. Chakula cha mchana kilipoa mezani. Jumamosi jioni nikaingia intaneti kafe, nikasoma kwamba katika michezo 32,000 ya mwanzo, huo peke yake ndio hauwezi kumalizika.

Nilitazama karatasi zangu. Kurasa kumi na kitu, safi, hesabu ambayo sikuwahi kulifanyia daftari la benki. Pale ndipo nilipokiri nilichokuwa nakimbia: daftari letu na stetimenti ya benki vilipishana kama laki nne, na niliogopa kuambiwa nimekula.

Jumatatu nilimfuata mama wa kaunta ya malipo, mtu wa hesabu wa siku nyingi.

"Shikamoo mama. Kuna laki nne sizioni."

"Marahaba. Lete tuzitafute, mwanangu."

Hayakupita masaa mawili tukaziona. Hundi moja ilikuwa imeingizwa mara mbili, na si kwa mkono wangu. Jamani, nilipumua!

Tangu siku ile kila jioni nafunika kibodi kwa stetimenti, nimeweka alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari nilioishia, na ule unaofuata nimeshautafutia risiti yake, nimeibana hapo hapo. Asubuhi siwezi kugusa kitufe bila kuishika karatasi ile, na mstari wa kwanza ni wa dakika moja. Usimalize ukurasa jioni, acha katikati. Na tofauti ikizidi siku mbili, naisema kwa sauti ofisini, hata iwe elfu tano.

Mwezi ule ritani ya VAT niliipeleka mapema, mara ya kwanza tangu niajiriwe.