Ua la mbele ya nyumba na dripu ya mpwa wangu

Mwaka jana mpwa wangu alivimba taya, tukiwa hapa Igoma, na vipimo vikaonyesha kuwa ni saratani ya Burkitt, ambayo imezoeleka kwa watoto wa ukanda huu wa Ziwa. Nilipomuuliza daktari jina la dawa iliyokuwa ikiingia mshipani, alisema ni vinkristini, itokayo kwenye ua la rangi ya waridi lenye petali tano, asili yake Madagaska, ambalo wengi tumelipanda mbele ya nyumba bila hata kujua jina lake.

Jioni nilimkuta Mama ameshabandika sufuria ya majani ya ua hilo. Nikamwambia, “Mama, tafadhali, usimpe,” kwa kuwa yana sumu na kikombe hakina kipimo, ilhali hospitalini dozi hupimwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wa mtoto.

Dawa hiyo huzuia nyuzi ambazo seli huzihitaji ili igawanyike. Kwa bahati mbaya haichagui vizuri: vidole vya mtoto vilikufa ganzi hata akashindwa kufunga vifungo vya shati. Ndiyo maana navutiwa zaidi na kemikali iitwayo meitansini, iliyopatikana kwenye mmea wa Ethiopia na kuelezwa mwaka 1972. Ilikuwa kali mno, mpaka dawa ya jamii yake ilipofungwa kwenye kingamwili inayotafuta seli za saratani ya matiti zenye protini ya HER2 kwa wingi, nayo ikaidhinishwa Marekani mwaka 2013.

Sufuria ile sasa Mama anapikia dagaa.