Siku moja maishani mwangu: mashine ya kusaga, Gungu, Kigoma

Saa 12 na nusu asubuhi nishafika mashineni. Watu wanadhani kazi yetu ni kumwaga mahindi juu na kukinga unga chini, na wengine wanaamini kabisa kwamba tunawapunja, ndo maana leo naandika siku nzima.

Kabla sijawasha nagonga bomba, lile linalobeba unga kwa upepo wa feni, kwa mpini wa shoka. Likilia wazi ni tupu, likilia zito kuna unga umelala ndani. Kona ya juu pale linapogeukia saikloni, lile pipa la bati linalotenganisha unga na hewa, naipapasa kwa kidole, mwaka huu nishaitia kiraka mara mbili. Hewa ikikata kona chembe laini zinakata nayo, ila zile nene haziwahi kugeuka, zinanyooka na kupiga bati, siku nzima, mpaka bati linakuwa jembamba linatoboka. Na chembe yenye upana mara mbili ya mwenzake ina uzito mara nane, sasa piga hesabu.

Saa 1 mpaka saa 4 ni dona tu, debe moja moja.

Saa 4 na kitu akaja mama mmoja na viroba vitatu vya udaga. Nikachukua kipande nikakivunja, hakikulia, kikapinda. Nikamwambia mama shikamoo, huu muhogo bado una maji. Marahaba mwanangu, umekaa juani siku nne huo. Na mvua ya juzi je mama? We saga, wateja wangu wananisubiri sokoni. Nikamwomba auanike hapo nje kwenye turubai mpaka jioni, akagoma, foleni nayo nyuma yake ikaanza kunung'unika, basi nikasaga.

Hata nusu kiroba haikufika. Mota ikabadili sauti, unga mdomoni mwa saikloni ukawa unadondoka kidogo kidogo afu ukakata kabisa. Nikazima.

Hapa ndipo watu hawaelewi. Unga ndani ya bomba hausafiri umenyooka kama maji ya mfereji, ile hewa ya feni imevurugika, inajikunja, inatengeneza vizunguzungu vikubwa na ndani yake vidogo, na kila kimoja kinavuta chembe upande wake kwahiyo zinagongana zenyewe kwa zenyewe na kugonga ukuta. Zikiwa kavu zinadunda zinaendelea na safari. Zikiwa na unyevu zinashikana, yanakuwa matonge, tonge likiwa zito hewa inashindwa kulibeba linalala chini ya bomba, njia inabanwa, hewa ya feni inazidi kupungua, na yanayokuja nyuma yanalala juu yake. Dakika chache tu bomba lote limeziba.

Kufungua bolti, kuchokonoa kwa fimbo, kukwangua kwa mkono mpaka begani, sikuangalia tena saa. Lilitoka bonge lina mikunjo mikunjo kama mchanga wa ufukweni pale Kibirizi maji yakirudi. Muda wote huo mama kasimama mlangoni anauliza kama mashine yetu ni mbovu. Tukapima unga wake, umepungua, akasema kwa sauti kila mtu asikie kwamba nimemwibia.

Iliniuma jamani. Nikamwonyesha beseni la nilichokwangua, lote lake. Nikamweleza nyundo za kusagia ndani ya mashine zinapata moto, maji ya muhogo yanaondoka kama mvuke. Nikamnyooshea saikloni: hewa inaingia ubavuni, inazunguka ikishuka, chembe zinatupwa ukutani zinateremka kwenye kiroba, afu hewa inapanda katikati na kutokea juu. Zile laini kabisa hazina uzito wa kutupwa ukutani, zinatoka na hewa, ndo hizi nyeupe kwenye nyusi zangu. Alinyamaza, viroba viwili vilivyobaki akavimwaga kwenye turubai.

Mchana kijana wa bodaboda kaingia na sigara imewaka, nikamtoa mbio. Vumbi la unga likisambaa hewani likapata moto linalipuka, mwaka 1785 kule Turin, Italia, ghala la mwoka mikate lililipuka hivyo hivyo.

Jioni jua linapita kwenye tundu la msumari kwenye bati, na kwenye ule mwale unaona vumbi linavyocheza, linapanda, linapinda, halitui. Chembe ya maikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, hata hewa ikitulia inachukua kama dakika 6 kushuka kutoka kichwani kwangu mpaka sakafuni, na hapa hewa haitulii, kwahiyo navuta. Barakoa ya kitambaa nafunga, bado usiku nakohoa.

Mama akaja na udaga wake wa juani. Nikavunja kipande, kikalia ka! Viroba vyote viwili vikapita bila bomba kukwama, akalipa, tukaagana.

Nikagonga bomba kabla ya kufunga. Ile kona mlio wake umeshabadilika, kesho lazima nimwite fundi wa kuchomelea.