Madoa meusi usoni: nusu gramu, miezi mitatu na jua la saa saba

Madoa meusi si ndugu wa baba mmoja, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani litazame lako. Nawa uso, usipake kitu, simama karibu na dirisha mchana. Alama bapa ya kahawia pale chunusi au kipele cha ndevu kilipokuwa ni rangi ambayo ngozi iliyoumia imeizalisha kupita kiasi. Hiyo krimu inaiweza. Ikiwa ya kijivu, au ina ubuluu kwa mbali, rangi imezama chini zaidi na krimu huifikia kwa shida. Mabaka yanayolingana shavu hili na lile, wakati mwingine na juu ya mdomo, mara nyingi huja na ujauzito au dawa za uzazi wa mpango zenye homoni, na yana tabia ya kurudi. Vile vinundu vidogo vyeusi vilivyoinuka kwenye mashavu, ambavyo hata mama na shangazi wanavyo, havitoki kwa krimu yoyote. Daktari wa ngozi huvichoma kwa umeme, basi.

Madoadoa ya watu wenye ngozi nyeupe sana ni ya kurithi: yanafifia ukiyapaka dawa, jua likipiga yanarudi. Kwa mwenye ualbino madoadoa ni dalili kwamba ngozi imekula jua kupita kiasi, na anachohitaji ni kinga wala si kung'arisha. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza losheni yao ya kukinga jua, Kilisun, kwa ajili hiyohiyo.

Sasa, kabla ya dawa, jua. Hapa ndipo wengi hutupa fedha: wanapaka dawa usiku na kuifuta kazi yake mchana. Tafuta losheni ya kukinga jua yenye SPF (namba ya kiwango cha kinga) 30 au zaidi, inayozuia pia miale ya jua iitwayo UVA, maana hiyo hupita kwenye kioo, na anayekaa dirishani kwenye daladala kila asubuhi anaipata vizuri tu. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye cha kati, toka shina hadi ncha. Ukipaka nusu yake, ile namba ya kwenye chupa haikuhusu. Rudia kila baada ya saa mbili ukiwa nje, hasa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Wenye mabaka ya homoni wachague yenye rangi ya kahawia, iliyotiwa oksaidi ya chuma, kwa sababu mwanga wa kawaida wa jua, huu tunaouona kwa macho, nao huyakoleza mabaka hayo na losheni nyeupe haiuzuii vya kutosha. Isitoshe, haikuachi kama umemwagikiwa unga.

Kwa madoa ya chunusi kwenye ngozi nyeusi, ningeanza na krimu ya asidi azelaiki kabla ya kitu kingine chochote. Inapunguza utengenezaji wa rangi kwenye seli zilizochangamka kupita kiasi bila kuipausha ngozi nzima, inatibu chunusi yenyewe, na madaktari huiruhusu hata kwa mjamzito. Ya 10% ni nyepesi. Za 15% na 20% ni za duka la dawa. Kipimo cha uso mzima ni ukanda wa sentimita 2.5 kutoka kwenye tyubu, karibu nusu gramu. Ukipaka mara mbili kwa siku, tyubu ya gramu 30 inaisha kwa mwezi. Kama yako imefika mwezi wa nne, unailambisha ngozi tu.

Jaribu kwanza nyuma ya sikio usiku tatu mfululizo. Kisha wiki mbili usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, juu ya ngozi iliyokauka kabisa, na mafuta ya kawaida juu yake. Baadaye kila usiku, na wiki ya tano ongeza asubuhi. Kuwasha kwa dakika kumi au ishirini ni kawaida. Kuungua, kubabuka, au doa kuzungukwa na duara jeusi si kawaida: acha, paka vaselini tu mpaka ngozi itulie, kisha rudi kwa usiku mmoja mmoja. Ngozi yetu ikichomwa hujibu kwa weusi, na dawa kali mno inakuzalishia doa lilelile unalolipigania.

Ukitaka kuongeza kitu, niasinamaidi (aina ya vitamini B3) ya 4 au 5% asubuhi inatosha. Adapalini, dawa ya jamii ya vitamini A, ya 0.1% ni nzuri kwa chunusi sugu, ila mjamzito asiiguse. Usianze vitu viwili wiki moja. Kikikudhuru kimoja hutajua ni kipi. Ndimu iache jikoni: maji yake juani huunguza ngozi na kuacha alama inayokaa miezi. Dodoki nalo ni la mgongo na miguu, uso uuache.

Piga picha dirisha lilelile, saa ileile, kila baada ya wiki nne. Mabadiliko ya maana huonekana kati ya wiki ya nane na ya kumi na mbili. Krimu inayotakatisha uso mzima ndani ya siku saba iogope. Mara nyingi ni zebaki, inayoharibu figo, au steroidi kali kama klobetasoli, ambayo huikondesha ngozi hadi mishipa ionekane. Haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, imepigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, Kenya na Rwanda. Daktari anaweza kuiandika kwa miezi michache, lakini ukiing'ang'ania kwa miaka inaweza kuacha weusi wa buluu usiotoka. Zile tyubu za fangasi zenye dawa tatu ndani zichunguzwe pia, kwani ya tatu kwa kawaida ni steroidi.

Aliyekwisha kutumia mkorogo (krimu za kung'arisha zilizochanganywa), hasa wenye steroidi, kwa muda mrefu asiukatishe peke yake leo kwa leo. Uso huweza kuvimba, kuwa mwekundu na kujaa vipele ndani ya siku chache, na hapo ndipo wengi huurudia. Aende kliniki ya ngozi na kopo lenyewe mkononi, hata kama halina lebo, ili apunguziwe kwa hatua.