Malaika na Kidumu cha Maji

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni 1 Wafalme 19:1-9.

Jumamosi tulipanda mlima Longido, kilomita kama 80 kutoka Arusha mjini ukielekea Namanga. Aliyezoea misitu ya Meru asidhani huku ni vilevile. Chini ni nyika kavu, migunga na vumbi, kisha njia inapanda wima ghafla, mawe matupu. Unapanda hatua mbili, changarawe inakurudisha moja. Mimi, kwa kiburi cha mtu aliyezaliwa Machame, miteremkoni mwa Kilimanjaro, nilibeba chupa moja ya maji nikawaacha wenzangu nyuma. Saa tano jua lilinikuta nimeketi juu ya jiwe, magoti yanatetemeka, chupa tupu.

Wenzangu waliponifikia walinitia moyo kwa Isaya 40, habari ya mbawa za tai. Amina. Ila nakiri mbele yenu, wakati ule sikutaka mbawa, nilitaka maji. Kijana wa Kimasai aliyetuongoza, katambuga miguuni, hakutaja mstari wowote. Alishusha kidumu chake, akanimiminia, akanipa na ndizi mbili. "Yeyo (yaani mama), kaa kwanza. Mlima hauhami." Nikajinyoosha chini ya mgunga, kivuli chenyewe cha kuhesabu. Kileleni sikufika.

Nabii Eliya naye alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaingia jangwani peke yake, mwendo wa siku moja, akaomba afe. Na huyu ndiye aliyeomba moto ukashuka mlimani Karmeli, sura moja tu nyuma! Ningekuwa mimi malaika, ningemkumbusha Karmeli. Malaika alimgusa tu, akamwambia ale: mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Akala, akanywa, akalala tena.

Hapo ndipo nilipokwama wiki nzima. Akalala tena, wala hakukemewa. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia ale, kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Lile swali la Mungu, anafanya nini pale, lilingoja mpaka Horebu, mlima wa Mungu, siku 40 mbele.

Katika jumuiya yetu yuko mwenzetu ambaye tangu amzike mumewe hajaonekana ibadani. Tumemtumia mistari mingi kwenye simu, mimi nikiwa wa kwanza. Alhamisi jioni naenda kwake na mtori na chupa ya chai. Anayeweza kunisindikiza aniambie. Tukimkuta amelala, tutarudi Ijumaa.