G shapu iliyogoma

Ilikuwa masika, na unyevu wa Mombasa ulikuwa umeingia mpaka ndani ya sanduku la saksafoni. Usiku ule nilikuwa nipige konsato (muziki wa ala moja ikiongozana na okestra) ya Mrusi Glazunov ya mwaka 1934, ile ambayo mpiga saksafoni Sigurd Raschèr aliipiga kwanza kule Uswidi. Mtunzi aliiandika kwa saksafoni ya alto na okestra ya nyuzi. Sisi tulikuwa na piano tu. Ni kama dakika 14 mfululizo, hakuna kituo cha kurekebishia ala.

Saa kumi alasiri, mimi na mwalimu wangu tulikuwa chumba cha nyuma. Kila nilipobonyeza G shapu, noti iliyo nusu hatua juu ya G, kwa kidole kidogo cha kushoto, ilitoka G tupu.

Hakuishika saksafoni. Aliniuliza, "Mwanangu, umekula nini?"

Nilikuwa nimetoka arusini, Mji wa Kale. Nilikula halua, nikashushia sharubati, kisha nikaja kupuliza bila kusukutua. Sukari ilikuwa imeshuka na mate mpaka kwenye pedi, kile kifuniko cha ngozi kinachoziba tundu la ala.

Pedi nyingi hufungwa au kuinuliwa kwa nguvu ya kidole chenyewe. G shapu sivyo. Ukibonyeza, wenzo huondoa tu mkono unaoikandamiza pedi. Kuinuka kwenyewe ni kazi ya springi ndogo, dhaifu. Ngozi ikinata kidogo tu, springi hiyo imeshindwa.

Mwalimu alichukua karatasi ya sigara, akaipitisha chini ya pedi, akaifunga taratibu, akaiachia, akasogeza sehemu kavu, akarudia. Hakuivuta karatasi pedi ikiwa imefungwa, kwa kuwa ngozi huchubuka. Ukingo wa tundu aliufuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Nilimtajia poda, akakataa katakata: poda hunywa unyevu ikawa uji, na kesho yake hali ni mbaya zaidi.

Mwisho alichukua sindano ya kufumia, akaipinda springi ile kidogo sana. Hapo ndipo wengi huharibu. Ikizidi nguvu ile ya wenzo, pedi haitaziba vizuri, tundu litavuja, na noti zote za chini zitakataa kutoka. Alinipigisha B ya chini kwa sauti ndogo kabisa, mara tano, ndipo akaridhika.

Huku akikaza skrubu alinieleza atakavyoitumia ala ya aina hiyohiyo usiku ule kwenye taarabu, Likoni. Katika rasti, mojawapo ya ngazi za noti za Kiarabu, noti ya tatu hukaa kati ya tatu kubwa na tatu ndogo za muziki wa Kizungu. Huipati kwa vidole peke yake, sharti ulegeze taya huku pumzi ikibaki ileile. Kwenye Glazunov, taya hilo lisitikisike.

Nilisukutua kwa maji matupu, nikaingia. G shapu ilifunguka kila nilipoiita. Nilipotoka jukwaani mwalimu alikuwa ameshabadilisha ridi, ule ubapa wa mwanzi wa mdomoni, kwenye ala yake, sanduku begani, anaelekea feri.