Ninavyosaka mzizi wa neno kwenye kamusi ya Kiarabu

Kamusi nyingi za Kiarabu hazipangi maneno kwa herufi inayoanza neno. Ukiitafuta مكتبة (maktaba) kwenye herufi mim (م) hutaipata. Iko kwenye kaf, chini ya mzizi k-t-b, pamoja na kitabu na katibu. Basi ni lazima ulichambue neno kabla hujalitafuta.

Naanza kwa kuvua vilivyobandikwa nje: al-, wa-, fa-, bi- na li- mwanzoni, -hu, -haa, -uuna, -iina na -aat mwishoni. Halafu nageukia herufi za ziada, yaani zile zinazoweza kuongezwa kwenye mzizi, ambazo wanasarufi wamezikusanya katika neno moja, سألتمونيها: sin, hamza, lam, ta, mim, waw, nun, ya, ha na alif. Herufi isiyo miongoni mwa kumi hizo karibu kila mara ni ya mzizi, nami huishika kwanza. Katika مستقبل (mustakabali), qaf na ba hazing'oki. Nikiondoa mim, sin na ta nabaki na q-b-l, na hapo nasimama. Lam imo kwenye orodha, ila zikishafika herufi tatu haiguswi.

Mzizi peke yake hausomeki. Wazni ndiyo inayoupa umbo. Kipimo chake ni f-ʿ-l, herufi zinazosimama badala ya zile tatu za mzizi: فاعل ni mtendaji (katibu), مفعول ni kilichotendwa (maalumu), مفعل kwa kawaida ni mahali au wakati. Msemaji wa Kiswahili ana mtaji hapa, maana elimu, maalumu, mwalimu na alama zote ni za ع-ل-م. Lakini mtaji huo una hila. H ya hesabu ni ح, ya hatari ni خ, ya hewa ni ه. Asili ni أصل, asali ni عسل. Anayesaka mzizi kwa tahajia yetu atapotea. Neno liandikwe kwanza kwa herufi za Kiarabu.

Kazi yenyewe huja pale zinapobaki herufi mbili tu. Kama kuna shadda (alama ya herufi iliyokazwa), herufi irudufishwe: حقّ (haki) ni h-q-q. Kama katikati kuna alif, asili yake ni waw au ya, na kwa kawaida kitenzi cha wakati uliopo hukwambia ipi: قال huwa يقول, basi ni q-w-l (ndiyo kauli yetu), باع huwa يبيع, basi ni b-y-ʿ (ndiyo bei). Kama pengo liko mwanzoni, naijaribu waw. صفة (sifa) ni w-s-f, nduguye wasifu. ميزان (mizani) ni w-z-n, kwa kuwa waw yenye sukuni (isiyo na irabu) ikitanguliwa na kasra (irabu i) hugeuka ya. اتفاق ni w-f-q, waw imemezwa na ta.

Wazni za vitenzi huhesabiwa kwa namba, moja hadi kumi, na ya nane ndiyo sumbufu kuliko zote. Ta yake hupandikizwa baada ya herufi ya kwanza ya mzizi, tena hubadilika: baada ya zay huwa dal, kama ازدحام (z-h-m), baada ya dad (ض) huwa ط, kama اضطراب (d-r-b). Hapo ile kanuni ya herufi kumi inakudanganya, kwani dal na ط hazimo kwenye orodha. Na si kila linaloanza na ist- ni la wazni ya kumi. استقبال ni la kumi, lakini استماع ni la nane, sin yake ni ya mzizi: s-m-ʿ. Nalo استقامة linabakiza qaf na mim tu, ila ile ة ya mwishoni ni fidia ya waw iliyodondoka: q-w-m.

Kuhusu kamusi zenyewe: ile ya Hans Wehr huonyesha wazni za vitenzi kwa namba za Kirumi bila kuandika umbo, kwa hiyo zile kumi uzijue kwa moyo. Lisan al-Arab ya Ibn Manzur hupanga kwa herufi ya mwisho ya mzizi, hivyo k-t-b iko mlango wa ba. Neno likiwa na mim yenye utata, kama ni ya mzizi au ya ziada, mfano مدينة, natazama wingi wake: مدن imeibakiza mim, nami naenda m-d-n. Kwa مكان natazama kote kuwili, k-w-n na m-k-n.